Siri Isiyofaa Kutunzwa

Kuna maneno ambayo kila mtoto wa nchi hii huyasikia kabla hajajua kusoma: "Mambo ya nyumbani hayatolewi nje." Husemwa kwa sauti ya upole, na mara nyingi wasemaji wake ni watu wenye heshima zao. Kwa mambo mengi maneno hayo ni ya busara. Mume na mke wakikosana juu ya chumvi ya mchuzi, jirani hana kazi ya kutega sikio; na ndugu wawili wakinuniana siku tatu, soko zima halina haja ya kuarifiwa. Lakini maneno haya haya yamegeuzwa kuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo wapo watu wazima wasio na nguvu ya kujitetea ambao wanapigwa, wananyimwa chakula, wananyang'anywa mali na kufungiwa vyumbani. Nia yangu katika insha hii ni kulishika pazia hilo na kulirarua. Najua ya kuwa wako watakaokasirika, na baadhi yao ni wazee ninaowaamkia kwa heshima kila asubuhi. Na wakasirike.

Nisemapo watu wasiojiweza, sina maana ya watoto. Kwa habari ya watoto nchi yetu imekwisha kuamka kidogo: mwalimu akiona alama za mjeledi mgongoni pa mwanafunzi anajua pa kwenda, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iko nyuma yake. Nawasema wengine. Namsema bibi kizee ambaye macho yake yamepoteza nuru. Babu aliyepooza upande mmoja wa mwili. Mjomba ambaye umri wake ni miaka 40 lakini akili yake imebaki kuwa ya mtoto wa miaka sita. Shangazi mwenye maradhi ya akili. Kiziwi ambaye hapana mtu kijijini aliyejifunza kusema naye kwa ishara. Hawa wote ni watu wazima. Wamezaliwa na haki zote za mtu mzima, ila mwili au akili imewafanya wawe chini ya mikono ya wengine. Mkono ukiwa mwema, wanaishi vizuri. Mkono ukiwa mbaya, hawana mahali pa kukimbilia, maana yule anayewaumiza ndiye huyo huyo anayewapikia uji.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kwamba Wakenya waliotimiza miaka 60 na zaidi walikuwa kiasi cha milioni 2.7. Shirika la Afya Duniani nalo limekadiria kuwa, duniani kote, mtu mmoja katika kila watu sita wa umri huo hutendewa uovu wa namna fulani katika muda wa mwaka mmoja. Sitaki kuzizidisha wala kuzigawanya hesabu hizo ili nikupatie idadi ya kijiji chako. Nakuomba jambo dogo zaidi: wahesabu wazee sita unaowajua kwa majina, kisha jiulize ni nani kati yao usiyemwona siku hizi akiota jua mlangoni.

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata huingia mtungini kila siku. Hujua kama maji yamepungua, hujua kama kuna tope chini. Katika nyumba nyingi za nchi hii kata ni wewe, msomaji kijana. Baba yuko kazini mjini, mama yuko shambani au sokoni, na jirani huishia uani. Wewe ndiwe unayetumwa kumpelekea bibi maji ya kuoga. Wewe ndiwe unayelala katika nyumba ya babu wakati wa likizo. Kwa hiyo nasema nawe, wala sisemi na serikali. Serikali haichoti maji mtungini.

Dalili za uovu huu haziandikwi ukutani, na baadhi yake zafanana na dalili za uzee wenyewe. Ngozi ya mzee ni nyepesi kama karatasi; hupata weusi kwa kugongana na meza tu. Wazee huanguka. Wazee hukonda kwa maradhi. Mtu mwenye pupa ya kuhukumu ataona mwovu katika kila nyumba, na huyo atawadhuru watu wema. Yafaa basi kutazama kwa makini. Mtu aangukaye huumia magoti, viganja, kipaji cha uso na nyonga. Ukiona weusi wa vidole ndani ya mikono karibu na makwapa, hapo pana mtu aliyeshika kwa nguvu na kutikisa. Ukiona michubuko iliyozunguka vifundo vyote viwili vya mikono, hiyo ni kazi ya kamba. Ukiona majeraha mapya juu ya makovu ya zamani, na kila moja lina hadithi yake, na hadithi ya leo haipatani na ya juzi, usiridhike.

Tena yako mambo ambayo hayamo katika ngozi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, asipogeuzwa na wengine, hutoka vidonda mgongoni, kiunoni na visiginoni. Vidonda hivyo vikioza na kunuka, ujue ya kwamba hapana aliyemgusa kwa siku nyingi. Midomo iliyokauka katika nyumba yenye pipa la maji husema neno. Miwani iliyovunjika miezi mitano iliyopita na haijatengenezwa, fimbo iliyowekwa mbali na kitanda, choo kilichofungwa kwa kufuli usiku, vyote hivyo husema. Na dalili iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni hii: unamwuliza mzee hali yake, naye kabla hajajibu anamtazama mtu mwingine usoni. Au hajibu kabisa, na mwingine ndiye anayejibu kwa niaba yake, "Hajambo, hajambo, amekula," huku akikusindikiza mlangoni.

Watu wengi wakisikia neno dhuluma hufikiri juu ya fimbo. Mimi nafikiri kalamu na simu zimewaumiza wazee wetu si haba. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni fedha kidogo, lakini kwa mtu asiye na chochote ni unga, ni mafuta ya taa, ni dawa ya shinikizo la damu. Fedha hizo zinapofika, bibi asiyejua kusoma humtafuta anayejua. Anayejua ni nani? Ni mjukuu aliye sekondari. Mjukuu huwa na nambari ya siri, huwa na simu, huwa na miguu ya kwenda dukani, na bibi hana ila imani yake. Wahenga walituonya ya kuwa mla na kipofu usimguse mkono, wakijua vema kwamba wako walao na kipofu na kumpunguzia tonge kimya kimya. Mjukuu asemaye, "Bibi, mwezi huu wametuma elfu moja tu," na elfu ya pili imo mfukoni mwake, huyo ni mwizi sawa na yule avunjaye duka usiku. Tofauti ni kwamba mwenye duka huweka mlinzi.

Na hiyo ni midogo. Makubwa yako katika ardhi. Mzee ana ekari nne zenye hati. Mwanawe mmoja, ambaye hakuonekana nyumbani kwa miaka saba, anarudi ghafula na mapenzi mengi. Anamnunulia baba koti. Anamwambia, "Baba, twende mjini ukapimwe macho." Wanafika mjini, na kabla ya hospitali wanapita katika ofisi moja, na baba anaombwa apige dole gumba juu ya karatasi "ya hospitali". Miezi inapita, siku moja anakuja mtu asiyejulikana na kupanda vigingi shambani. Tangu mwaka 1967 tumekuwa na sheria isemayo kwamba shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi, na bodi yapaswa kumwona mwenye shamba na kumsikia. Ni kinga nzuri. Lakini kinga hiyo hufanya kazi pale tu ambapo wajumbe wa bodi wanamwuliza mzee maswali akiwa peke yake, kwa lugha anayoielewa, na kungoja jibu lake. Wakimwuliza huku mwana amemshika bega, wamewauliza bega na mwana.

Usidhani kuwa sheria imelala juu ya mambo haya. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 haikutaja kipigo peke yake. Imetaja pia dhuluma ya mali, na ya moyo, na matusi, na vitisho, na kumzuia mtu kuingia katika makazi yake, hata kuingiliwa na wakwe na kurithiwa kwa lazima kwa mjane. Na juu ya sheria hiyo iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 57 yasema ya kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa hadhi na heshima bila ya kudhulumiwa, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Zingatieni maneno hayo: jamaa zao na serikali. Walioandika Katiba hawakukubali ya kwamba nyumba ni ngome ambayo haki haina ruhusa ya kuingia.

Sasa naingia katika jambo ambalo kalamu yangu yataka kulikimbia. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika vijiji vya Kisii, watu kumi na mmoja, wengi wao wazee, waliuawa na nyumba zao kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika kaunti hiyo hiyo, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma kama hizo. Katika kaunti ya Kilifi mauaji ya namna hii yamekuwa yakitokea mwaka baada ya mwaka, hata ikawa wazee wengine hupaka nywele zao rangi nyeusi, maana mvi zimefanywa kuwa ushahidi. Fikirini jambo hilo kwa makini. Katika pwani ambayo lugha yetu ilizaliwa, ambako mvi zilikuwa taji, mwanamume wa miaka 70 anakwenda dukani kununua rangi ya nywele ili asikatwe kwa panga! Wengine wamelazimika kuacha miji yao na kutafuta hifadhi, kama wale waliopewa makao katika Kaya Godoma, eneo la Ganze.

Kuna watu, na baadhi yao wamesoma, ambao husema, "Lakini ikiwa kweli ni wachawi?" Swali hili silijibu kwa upole. Ng'ombe akifa, amekufa kwa maradhi ya ng'ombe, na daktari wa mifugo yuko. Mtoto akifa kwa malaria, mbu ndiye aliyempa. Macho ya bibi yakiwa mekundu, ni moshi wa kuni wa miaka hamsini aliowapikia hao hao wanaomtuhumu. Kisha tazama mambo baada ya mazishi: nani amelima shamba la marehemu? Nani amehamisha mpaka? Mara kwa mara, tuhuma ya uchawi imefuata njia ile ile inayofuatwa na mgawanyo wa urithi. Wauaji hawaoni mchawi; wanaona ekari tatu ambazo mwenyewe amechelewa kufa. Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925, wakati wa ukoloni, ina mengi ya kulaumiwa, lakini ilikuwa na kifungu kimoja ambacho vijana hawafundishwi: ilifanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa lenyewe. Mtu anayesimama katika mazishi na kumwonyesha mzee kidole amekwisha kuvunja sheria kabla ya jiwe la kwanza kurushwa. Hapo ndipo pa kupiga ripoti, siku ya kidole, maana siku ya moto hakuna ripoti itakayofaa.

Juu ya wale wanaofichwa vyumbani nitasema machache, kwa sababu jambo lenyewe halihitaji maelezo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilimkataza mzazi, mlezi au ndugu kumficha mtu mwenye ulemavu akakosa huduma na nafasi alizostahili, na kufanya hivyo kulikuwa kosa la kutozwa faini. Iliandikwa kwa sababu watu walikuwa wakifichwa. Ukimfungia mbuzi katika chumba kisicho na dirisha, majirani watasema humjali mnyama. Ukimfungia ndugu yako mwenye kifafa, majirani hao hao watasema una subira.

Nimekwisha kusikia majibu ya wapinzani, na yanipasa niyakabili.

Wa kwanza husema ya kwamba sisi ni Waafrika, na mambo haya huamuliwa na kikao cha ukoo. Mimi si adui wa vikao. Kikao kimepatanisha ndugu wengi ambao mahakama ingewafilisi wote wawili. Lakini kikao huamua vema pale ambapo pande zote mbili zina sauti. Bibi aliyepigwa na mwanawe wa kiume ataketi wapi katika kikao hicho? Wajumbe ni ndugu za mumewe. Mwenyekiti ni shemeji. Na aliyempiga amekaa miongoni mwao, kwa kuwa naye ni mzee wa boma sasa. Hutozwa faini ya mbuzi. Mbuzi huchinjwa, waamuzi hula nyama, na mpigwa hurudishwa katika nyumba ile ile usiku ule ule. Na kosa likiwa la kumwingilia mwanamke kwa nguvu, awe mjane mzee au msichana asiye na akili timamu, mbuzi huyo ni matusi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 haikumpa mzee wa ukoo uwezo wa kuifuta kesi ya namna hiyo, wala haikumpa polisi wa kituo.

Wa pili husema, "Unataka watoto wawapeleke wazazi wao gerezani." Hilo ni jibu la kutisha, na limekusudiwa litishe. Kweli ni kwamba ripoti nyingi hazifiki gerezani, wala hazihitaji kufika huko. Mama mmoja anayemlea mkwe wake aliyepooza, huku ana watoto watano na kibarua cha shamba, anaweza kuchoka hadi mkono wake ukamtoka. Mtu huyo ahitaji msaada: mtu wa kumpokea kazi kwa siku mbili, muuguzi wa zahanati wa kumwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa, afisa wa ustawi wa jamii wa kuwaandikisha katika misaada iliyopo. Mwenye kunyamaza humnyima mlezi huyo msaada, na humwacha aendelee kutenda dhambi ambayo hakupenda kuitenda. Lakini uchovu una mpaka wake. Uchovu hauuzi shamba. Uchovu hautii kufuli mlangoni na kwenda arusini siku tatu.

Wa tatu husema ya kwamba vijana watasingizia watu. Huenda wakawapo. Ndiyo sababu nimesema mwanzo tutazame kwa makini, na ndiyo sababu kazi ya kuchunguza imepewa watu wengine. Mwenye kupiga ripoti hahukumu. Husema alichoona, mahali, siku na saa. Yaliyobaki ni kazi ya wachunguzi. Ajabu yangu ni kwamba hofu hii ya kusingizia hatuisikii mwizi wa kuku anapopigwa sokoni bila ya ushahidi wowote. Huisikia tu pale mtuhumiwa anapokuwa mtu mwenye nyumba ya mawe.

Wako pia wasemao ya kwamba dawa ni kuwapeleka wazee katika makao maalumu. Baadhi ya makao hayo yana watu wema sana. Lakini mwaka 2022 filamu ya uchunguzi ya BBC iliwaonyesha watazamaji wazee wakitendewa ukatili katika makao yaliyo karibu na Nairobi. Ukuta mpya na lango la chuma ni pazia tu la namna nyingine, na mgeni anayefika bila ya kutangaza ni kinga bora kuliko cheti kilichotundikwa ofisini.

Basi kijana afanye nini? Kwanza azungumze na mwenye kuumizwa, faraghani, bila ya haraka, wala asiulize maswali yenye majibu ndani yake. "Bibi, jicho hili limepatwa na nini?" latosha. "Bibi, mjomba ndiye aliyekupiga, sivyo?" halifai, maana kesho bibi ataambiwa kuwa alitiwa maneno kinywani. Asiape kutunza siri. Hili ni gumu, kwa sababu mzee atamwomba: "Mjukuu wangu, usimwambie mtu." Kiapo kikitolewa, mjukuu hufungwa kwa kamba ile ile aliyofungwa bibi. Aseme badala yake, "Bibi, nitamwambia mtu mmoja tu anayeweza kutusaidia, nami nitakwambia ni nani."

Hapa pana neno ambalo wasemaji wengi juu ya jambo hili hulipita mbio, nami nataka nisimame kidogo. Mtu mzima si mtoto. Bibi mwenye akili zake timamu ana haki ya kuchagua, hata kuchagua jambo ambalo mimi na wewe twaliona baya. Akisema, "Nimejua kuwa mwanangu hunichukulia fedha, nami nimemwachia," hatuwezi kumburuta hadi kituoni kana kwamba ni mzigo. Kumtendea hivyo ni kumnyang'anya mara ya pili. Kazi yetu ni kumpa habari alizokosa: kwamba kuna sheria, kwamba kuna ofisi, kwamba mlango wa jirani u wazi, kisha tumwache aamue, na kumwuliza tena wiki ijayo. Lakini ruhusa hiyo ina mwisho. Uhai ukiwa hatarini, au mtu akiwa hana akili ya kuyapima mambo, au wakiwapo wengine watakaoumizwa na mkono ule ule, ripoti ipigwe bila ya kungoja idhini. Wakati mwingine mzee husema "niache" kwa sababu anayemtisha yuko chumba cha pili. Ndiyo maana kuuliza faraghani si adabu tu. Ni sehemu ya ukweli.

Kisha aandike. Mwanafunzi ana daftari na kalamu, navyo ni silaha ambazo babu hakuwa nazo. Aandike tarehe, saa, alichoona kwa macho yake, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, bila ya kuyapamba. Daftari hilo asilitupe juu ya meza ya nyumba ile. Wala asiende kumkabili mtuhumiwa kwa ushujaa wa michezo ya kuigiza. Atakayelipa gharama ya ushujaa huo ni bibi, usiku, baada ya yeye kurudi shuleni.

Amwambie mtu mzima anayemwamini: mwalimu, muuguzi wa zahanati, mchungaji au imamu, mzee wa kijiji asiyekuwa wa ukoo ule. Ofisi ya chifu na ya naibu wake ziko karibu kuliko zote, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Chifu akiwa ni binamu wa mtuhumiwa, apitwe. Iko ofisi ya ustawi wa jamii, kiko kituo cha polisi, na katika vituo vingi liko dawati la jinsia. Ripoti iandikwe katika kitabu cha matukio, na mpigaji asiondoke bila ya nambari ya OB, kwa kuwa ripoti isiyo na nambari ni mazungumzo tu. Mwenye majeraha apelekwe hospitali na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Aliyenajisiwa asioge wala kufua nguo zake kabla ya kupimwa, na afike hospitali mapema, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi yapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Hatari ikiwa ya sasa hivi, simu ni 999 au 112, na kwa dhuluma za nyumbani na za kijinsia iko 1195 ambayo haimtozi mpigaji hata senti.

Mtaniuliza, na ikiwa amekwenda kote huko na hapana aliyesikia? Hutokea, nisiwadanganye. Polisi hucheka, chifu husema njoo Jumatatu, mwalimu huogopa kuhamishwa. Basi aende kwa mwingine, na arudi Jumatatu, na aipeleke ile nambari ya OB. Watendao uovu huu hawategemei nguvu zao. Wanategemea kuchoka kwetu. Shule nayo yaweza kufanya jambo, na mimi nawalaumu walimu wenzangu kwa kulikwepa. Tunawafundisha wanafunzi sehemu za ua hata zile ambazo hawatazitaja tena maishani, na hatuwafundishi kuisoma ngozi ya bibi yao.

Nanyi mnaosoma haya likizo inakaribia. Mtakwenda makwenu, na wengi wenu mtapewa simu ya mzee ili mmsomee ujumbe uliofika. Msomeeni ujumbe wote, pamoja na tarakimu zote. Mrudishieni simu mkononi. Kisha kaeni naye kidogo pale nje, penye jua, na mwulizeni amelalaje.